Kale Kanyama Tulifukuza na Masufuria

Juma iliyopita nilirudia kule nyuma ya misioni, kwenye nilikomalia. Nilikuta waya, na sentineli, mulinzi, mbele ya waya. "Mama, hapa bantu habapite." Mi mutoto ya pale! Weye unatoka wapi? Hasira ilinipanda, mpaka leo haijashuka.

Zamani pale, masere mumoja, mutawa ya misioni, alikuwa anafunga bidonda bya bantu asubuhi, na mangaribi anafunga bya nyama ya pori. Bundi yenye bantu balipiga majiwe, eti ni ya bulozi. Tumbili yenye mukono ulivunjika. Nyumba ilinuka dawa na mukojo. Mi nilichota maji, nilipika uji. Nkambo, mama ya mama yangu, alituchekaka: "Benyewe munalala njaa, halafu munapikia kitoweo uji!" Lakini kila mangaribi yeye njo alileta matembele ya zile nyama.

Masere alitukatalia kupa nyama jina, alitukatalia kuipapasa. "Mungu aliiwekea bwoga. Musiitoshe ile bwoga mu roho yake."

Siku moja balileta kashia, kale kaswala kadogo ka mu pori. Waya ya mutego ilikuwa imekata muguu mpaka ku mufupa. Mi njo nilikanywesha maziwa na chupa, mpaka kakapona. Siku ya kukaachilia, batoto yote tulienda na masufuria. Njo ilikuwa kawaida yetu: kupiga makelele, kutupa udongo, kutukana, nyama ikimbie bantu maisha yake yote. Benzangu balipiga. Kashia hakakukimbia. Kalikuja kwangu, kakatia pua mu mukono yangu.

"Ukatukane!" masere alinikaripia. "Ukikahurumia, kesho kako mu chungu ya mutu!"

"Mubaya! Mwizi! Toka, sikupendi!" Nilitupa udongo nikilia. Kaliniangalia, halafu kakaruka mu majani. Ile mangaribi nilikatala kula bukari, ule ugali yetu.

Leo ile pori ni shimo ya kuchimba madini. Kamuto kenye nilichotaka maji kananuka asidi, bundi hailie tena, masere alikufaka na nyumba yake balibomoa. Na bwana yangu anatumika kazi mu ile shimo, batoto bangu banakula juu ya ile kazi. Ninashukuru Mungu kwa bukari, na hasira haiishe.

Mi nilifukuza kale kanyama na machozi sababu nilijua kako na fasi ya kwenda, mu pori. Nani aliuzisha ile fasi? Aliuliza nani? Mukiniletea nyama ingine ya kuumia leo, nitaifunga muguu, nitaipa uji, itapona. Halafu nitaifukuzia wapi?