Kijiko Kilichotoka kwenye Jembe la Posa

Chuma cha moto kikizamishwa majini hutoa harufu kali inayopanda moja kwa moja puani, na mpaka leo nikiisikia nashindwa kukaa kitini. Kwangu hiyo ni harufu ya kibanda cha Mzee Mwasenga, mhunzi wa Kisafwa aliyefua majembe pembeni mwa mji wa Mbeya, miaka ya hamsini, tulipokuwa tumehamia huko kutoka Iringa kwa sababu baba yangu, fundi mwashi, alipata kazi ya ujenzi. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, na kutulia sikukujua. Mama alisema nina siafu mwilini. Kanisani nilitaka kutoka, nikitoka nataka kurudi. Nikitumwa maji napitia kila mahali isipokuwa kisimani. Mama wa watu alichoka kunifokea.

Waingereza walikuwa na uwanja wao wa gofu, na sisi watoto tulikuwa na wa kwetu, kwenye malisho ya ng'ombe chini ya mlima. Mashimo yetu yalikuwa makopo ya maziwa yaliyofukiwa ardhini, na mipira tuliiokota vichakani ilikowapotea wenyewe. Kila mchezaji alitakiwa awe na fimbo zake mbili: ndefu ya kupigia mbali, na fupi yenye uso uliolala, ya kunyanyulia mpira uvuke mfereji na kuangukia karibu na kopo. Wazungu waliiita hiyo fupi weji. Sisi tuliiita kijiko. Mimi nilikuwa mgeni wa mchezo. Fimbo ndefu nilijichongea kwa mti wa mpera, lakini kijiko sikuwa nacho, na asiye na kijiko hakuhesabiwa kuwa mchezaji.

Nikawa naazima. Ambokile, mvulana aliyekuwa mkubwa wetu, alinipa chake cha kipande cha panga, chembamba na kikali. Lo! Kila nikipiga kinazama udongoni, bonge la udongo linaruka, mpira umetulia palepale. "Wee mkulima!" wakanipigia kelele. "Tukuletee na mbegu?" Nililia kwa hasira, nikaenda kuazima kingine, chenye tako nene la mviringo. Hicho kiliteleza juu ya matope vizuri kabisa na mpira ukapaa, ila kwenye ardhi kavu kilidunda na kuupiga mpira kichwani. Basi sikulala. Leo nataka chembamba, kesho nataka kinene, keshokutwa nataka vyote viwili. Nyumbani nilizungumza habari hiyo mpaka mama akanikataza kutamka neno kijiko hata wakati wa kula.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na jambo kubwa kuliko gofu. Juu ya mlango wa chumba cha baba lilining'inia jembe jipya lisilo na mpini. Lilikuwa jembe la posa. Mtu mmoja wa kwetu Iringa, aliyefiwa na mkewe akahamia Chimala na kufanikiwa kwa biashara ya mpunga, alikuwa amemposa dada yangu Agnesi. Katika ukoo wetu mshenga huleta jembe likiwa tupu. Wazazi wakikataa, hulirudisha vilevile lilivyokuja. Wakikubali, hulitia mpini, na likishatiwa mpini binti ni mke wa watu, hakuna tena maneno. Dada Agnesi hakumtaka yule bwana. Alitaka kwenda kujifunza uuguzi kwa masista. Alishamwambia mama, mama akamwambia baba, na baba akasema tu kwamba mpunga wa Chimala haujawahi kumnyima mtu usingizi. Mshenga angerudi Jumapili kuchukua jibu, na kila mtu aliona jibu litakuwa lipi.

Ijumaa baba akiwa kazini, Dada Agnesi alipanda juu ya kigoda, akaliangua lile jembe, akalifunga kwenye khanga. "Twende," akaniambia, "leo unapata kijiko chako." Nilijua vizuri jembe lile ni la nini. Iringa hakuna mhunzi ambaye angeligusa, lakini Mzee Mwasenga hakuwa na desturi hiyo. Kwake jembe lilikuwa jembe tu. Dada alimwambia alikate vipande viwili. Nyundo ilipoanza kulia, uso wa dada ulikuwa kama wa mtu anayeng'olewa jino, na hakusogea. Kisha mzee akanigeukia mimi. "Bibi mdogo, unataka chenye makali au chenye mgongo?"

Maskini mimi! Nilisema makali. Nikasema hapana, mgongo. Nikazunguka kibanda, nikarudi, nikasema makali tena. Dada akanishika bega. "Wewe mtoto, amua, utaniua!" Nikakumbuka kelele za "mkulima", nikasema chenye mgongo, kwa kuwa mvua zilikuwa bado hazijaisha. Mzee akakunja ukingo wa chini wa kipande kimoja, akaugonga mpaka ukawa tako nene la mviringo, akanitilia na kijiti cha kushikia. Kipande cha pili nilimwambia aniwekee kwanza, nifikirie.

Jumapili mshenga alifika tukiwa tumetoka kanisani. "Kamwene," akasalimu, akaketi, akatazama juu ya mlango. Baba naye akatazama. Nafasi ilikuwa tupu. Kabla baba hajafoka, Dada Agnesi alipiga magoti akasema jembe amelivunja yeye, na halirudishiki. Akanivuta mbele nilionyeshe. Alidhani amemaliza. Mshenga akakipokea kijiko changu, akakigeuza, akakitambua kile chuma, halafu akatabasamu polepole. "Mbona hili lina mpini?" akasema. "Ndugu yangu, jembe limetiwa mpini ndani ya nyumba yako. Binti amekubali." Mama akajifunika uso. Nami nilitamani ardhi inimeze, maana mpini ule niliushikilia mimi mwenyewe wakati unatiwa.

Baba alikuwa amekasirika, lakini zaidi ya kuvunjiwa heshima na binti yake, hakupenda kuamuliwa na mgeni ndani ya nyumba yake. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kitalu cha mboga cha mama. "Mzee, umesema ni jembe," akasema. "Basi lima." Mshenga akacheka, akainua kijiko, akapiga kwa nguvu. Kikateleza juu ya udongo kikampiga kiatu. Akapiga tena, kikateleza tena, na mchicha wa mama ukabaki umesimama. Udongo ulikuwa laini kama ugali, lakini hakuchimba hata tundu la kupandia haragwe. "Hili halilimi," baba akasema. "Jembe la mtu wako nitamnunulia jipya, nitalirudisha halina mpini." Yule mzee aliondoka anachechemea, chakula hakula.

Tukabaki wenyewe uani. Nilisubiri viboko. Baba alimgeukia Dada Agnesi, akamwuliza, "Haya, wewe unataka nini?" Na dada yangu, aliyethubutu kukata jembe la posa, alishindwa kujibu. Alilia mpaka akakaa chini. Alikuwa binti mkubwa, na ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza swali hilo. Alikwenda kwa masista mwaka huohuo, akawa muuguzi Iringa mpaka alipostaafu. Mimi siku ile nilisimama pale nikihamisha uzito mguu hadi mguu, nikingoja baba aniulize na mimi. Hakuniuliza.

Siku hizi watoto huulizwa wanataka nini hata kabla hawajajua kusema. Wanaulizwa chai au maziwa, shule hii au ile. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike, aliyeanza gofu majuzi tu, alinipigia simu kutoka dukani Dar es Salaam. Weji zimejaa ukutani, kila moja na nyuzi zake za mlalo wa uso na tako lake, na muuzaji hamwachi apumue. "Bibi, nimechoka," akasema, "kila saa wananiuliza nataka ipi!" Nilitaka kumcheka, nikajikuta machozi yananitoka. "Choka, mama," nikamwambia. "Choka tu. Waache wakuulize."