Pua Iliyonyimwa Duka

Mama yangu, Malrye, ameuza samaki taa wa kuvundikwa hapa Yeongsanpo tangu sijazaliwa. Samaki hulazwa mtungini juu ya mabua ya mpunga mpaka aanze kuchoma pua na kutoa watu machozi. Wa kuja husema ananuka choo. Kwetu, karamu bila yeye si karamu.

Mimi naipenda ile harufu. Mama alinibeba mgongoni huku akiinamia mitungi, basi kwangu ndiyo harufu ya mama. Mdogo wangu Gyucheol alilishwa kipande akiwa na miaka saba, siku ambayo tumbo lilikuwa limeshamchafuka, akatapika mpaka akalazwa. Tangu hapo akipita dukani huziba pua. Simlaumu, pua ikishachukia imechukia. Ninayemlaumu ni mama.

Miaka miwili iliyopita alipata mafua makali, na tangu siku hizo hasikii harufu yoyote. Mimi ndiye ninayeinama na kumwambia: huyu bado, huyu tayari. Lakini duka kampa nani? Gyucheol, kwa kuwa ndiye wa kiume.

"Mama, yule hata mfuniko hawezi kuufunua!"

"Atazoea."

"Ana miaka thelathini na minane! Atazoea kaburini?"

"Okbun, funga domo. Wewe umeolewa, ni wa kwa watu."

Mwezi uliopita ikaja oda ya harusi. Mama akanikataza kusogea, akamtuma Gyucheol achague mtungi. Nilimwona kwa macho yangu: kasimama mbali kama anayechungulia nyoka, kanyoosha kidole.

"Huo hapo umeiva, mama."

Jioni mama wa bwana harusi akarudi na sinia, kavimba kwa hasira.

"Nini hiki? Hakinuki! Wakwe zangu wametafuna kama wanatafuna figili, hakuna aliyetoa hata chozi! Mnataka niitwe bahili?"

Mama aliinama mpaka kiunoni. "Tusamehe sana, mama bwana harusi. Mwanangu bado anajifunza."

Mwanangu! Nami nimesimama palepale, mikono inanuka mpaka viwikoni. Niliumia, sifichi. Gyucheol mwenyewe aliona haya.

"Mama, mpe dada hili duka. Mimi silitaki."

Mama akajitia kiziwi, akaendelea kufuta meza.

Asubuhi yake akafunua mtungi mwingine, akaniita kama kawaida.

"Okbun! Njoo unuse huu, upesi, wateja wanangoja."

Nilikuwa nimeshavua aproni. Harufu ilinifikia mlangoni, na nikajua palepale kwamba huyu ameiva barabara, akilala mpaka kesho ataharibika.

"Muulize mwenye duka," nikasema.

 Mama aliinama juu ya mtungi, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena, na tena, na hakusikia kitu.