Switch Iliyowakataa Mbuta wa Mama Akinyi

Nakumbuka asubuhi moja pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, mwishoni mwa miaka ya tisini, na hata leo damu inanichemka. Ndiyo maana jana, mwanangu, nilipoona ile switch kwenye programu yako nilikwenda kwanza kunywa maji.

Banda la kupokea samaki lilikuwa limenunua kompyuta, na mimi na kijana mwenzangu Omondi tukaajiriwa kuitengenezea programu ya kupanga samaki aina ya mbuta kwa uzito. Sehemu hiyo Omondi aliiandika kwa JavaScript. Switch (uzito), halafu case uzito > 5, mkubwa, case uzito > 2, wa kati, default, arudishwe. Ilisomeka vizuri kabisa, kama yako. Hakuijaribu hata kwa samaki mmoja!

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Akinyi, mchuuzi wa siku nyingi, na mbuta wake walikuwa wakubwa mpaka mikia inaning'inia nje ya karai. Nikaingiza uzito, kilo nane. Arudishwe. Nikaingiza wa pili. Arudishwe. Wote hivyo hivyo.

"Hii yote ni ndogo?" akauliza Mama Akinyi. "Omondi, nyathina, mtoto wangu, macho yako iko wapi?"

"Ngoja kidogo, Mama. Ni mzani ndio iko na shida," akajibu Omondi.

Mzani! Baadaye akasema ni umeme. Na msimamizi wetu, Mungu amsamehe, akashikilia kwamba hapokei samaki ambaye kompyuta imemkataa. Jua likapanda, barafu ya samaki ikawa maji.

Uvumilivu ukaniisha. Nikamsukuma Omondi kando, nikaiambia kompyuta ionyeshe jibu la uzito > 5 peke yake. Ikaandika true, yaani kweli. Kumbe switch ilishika kilo nane mkononi, inauliza kama nane ni sawasawa na true. Haiwezi kuwa, hata ungeiombea! Kila case ilishindwa, kila samaki akaangukia default, ile ya kurudishwa. Nikabadilisha ikawa switch (true), na papo hapo ikasema: mkubwa.

Msimamizi akaja, akabonyeza nyama kwa kidole. Kidole kikaacha shimo.

"Hii imelegea, Mama. Siwezi chukua."

Mama Akinyi hakututukana. Alijitwika karai lake akaondoka, na mimi niliona aibu kumtazama.

Basi nisikilize, maana nimechoka kurudia. Switch inatafuta kilicho sawasawa, haipimi kikubwa na kidogo. Ukitaka kupima, andika if na else if. Ukiing'ang'ania switch, weka true kwenye mabano yake, anza na sharti la uzito mkubwa kabisa, kwa kuwa la kwanza kukubali ndilo linalochukuliwa, na kila case uifunge kwa break, isiporomokee inayofuata. Kisha jaribu kila daraja la uzito wewe mwenyewe, kabla mtu hajakuletea jasho lake.

Mungu akubariki, mwanangu, na akuonyeshe kosa lako lingali mezani kwako, kabla halijamrudisha mama wa mtu nyumbani na samaki walioharibika.