Sponji ya Makame

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na cheti changu cha skuli nimekibana kwapani, nikichelea wasije wakataka ushahidi kuwa nimesoma. Ulikuwa mwaka uliofuata Mapinduzi, na mimi nilitaraji meza na kalamu. Fundi Mkuu wa gereji ya serikali, njia ya Mtoni, alikitazama cheti, akanirudishia, kisha akanipa kipande cha fulana kuukuu na kikopo cha dawa ya kung'arishia.

"Anza na bampa lile, Msomi," alisema. "Ukiuona uso wako, niite."

Niliuona uso wangu kabla ya adhuhuri. Lakini nikajiuliza: huu ndio uso anaoutaka yeye, au kuna mwengine ulio wazi zaidi? Nikasugua mpaka jioni bila ya kumwita. Tangu siku hiyo jina langu likawa Msomi.

Nyinyi vijana mnaopeleka gari zikaoshwa huku mkinywa soda, jueni kuwa kisiwa hiki kinakula chuma. Upepo wa bahari una chumvi. Chumvi ikikaa juu ya kromu, yaani ule utando mweupe unaong'aa wa bampa na ringi, huanza kutoa vidoa vidogo kama ufuta. Dawa yake ni kuosha kwa maji matamu kwanza, kwani ukisugua juu ya vumbi unakwaruza. Kisha unatia dawa kidogo, unazungusha mkono, unafuta. Kazi ya mkono ilichosha mabega, lakini niliipenda. Hapakuwa na mtu aliyeifanya vizuri kunipita mimi.

Kisha akaja Makame.

Alitoka Tumbatu, mdogo kwangu kwa umri, mwembamba, mcheshi, na mikono yake haikutetema hata akibeba chai iliyojaa. Mwaka huohuo Mkuu wa Usafiri alituletea drili ya umeme. Ilikuwa moja tu. Ilikuja na kitambaa cha manyoya cha kufunga mbele yake, kizuri kwa milango na mabampa, lakini hakikuingia kwenye matundu ya ringi. Sote tuliliona tatizo hilo. Mimi nililiwaza wiki nzima. Makame alichana sponji ya kiti cha gari bovu, akaichonga kwa wembe ikawa mfano wa yai, akaipitishia bolti ndefu iliyokatwa kichwa, akaifunga kwa nati pande zote mbili, akaichomeka kwenye mdomo wa drili. Sponji ikaingia matunduni ikijibana na kujitanua, na ringi ikatoka kama sinia la harusi.

Fundi Mkuu akamkabidhi drili palepale.

"Haisimami pahala pamoja," alimfundisha, nami nikisikiliza kwa pembeni. "Ikisimama inaunguza. Ipitishe, usiikandamize. Sponji ndiyo inayofanya kazi, wewe unaisindikiza tu."

Tangu hapo moyo wangu haukutulia. Nilisikia kila neno analoambiwa Makame na kulipima na langu. Yeye aliitwa "mwanangu", mimi "Msomi". Yeye aliambiwa "njoo", mimi "hebu njoo", na hiyo "hebu" nilikwenda nayo nyumbani nikala nayo. Makame akichelewa, anaulizwa kama anaumwa. Nikichelewa mimi, hakuna aliyejua. Na ubaya wa mambo, Makame hakuwa na ubaya. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, kaka," na mimi nilijibu marahaba huku nikimtazama mikono.

Ikaja habari kuwa Fundi Mkuu atahamishiwa Pemba, na kabla ya kuondoka atachagua msimamizi wa kung'arisha. Wakati huohuo ikaletwa gari nyeupe ya wazi, ya kuwapokelea wageni wa sikukuu. Hapana aliyesema, lakini sote tulielewa: atakayeitoa gari ile inang'aa ndiye msimamizi. Fundi Mkuu akampa Makame, ambaye siku hizo alipitisha sponji yake hata kwenye mabampa. Mimi nikapewa viti.

Wiki ile maji ya mfereji yalikatika, tukawa tunachota kisima kilicho karibu na pwani. Siku moja kabla ya gari kuchukuliwa, jua lilipopiga bampa, sote tuliona. Kromu yote ilikuwa na mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui.

Fundi Mkuu hakupiga kelele. Alikaa juu ya mpira wa gari, akavua kofia.

"Mkono wako, mwanangu," alisema taratibu. "Nliuamini mkono wako."

Makame alisimama na drili yake, machozi yakimlengalenga. Na mimi, badala ya kufurahi, nilizidi kuumia. Miaka yote ile nilipokosea, mzee huyu hakuvua kofia hata mara moja. Hata lawama aliyopewa Makame ilikuwa tamu kuliko sifa zangu. Sikuweza kuvumilia kumwona akihuzunikiwa vile.

Ndipo nikaitazama sponji. Nilikuwa nshaiona asubuhi imeanikwa juani, imekauka, kingo zake nyeupe. Nikakumbuka nyumbani: mama akifua kanzu kwa maji ya kisima cha pwani, ikikauka husimama peke yake.

"Si mkono wake, Fundi," nilisema. "Sponji imeoshwa kisimani. Maji yamekwenda, chumvi na mchanga vimebaki ndani."

Fundi Mkuu akaifinya sponji juu ya kiganja. Zikadondoka punje. Akazilamba, akatema, akacheka mpaka akakohoa.

"Makame," alisema, "msikilize kaka yako."

Kaka yako. Nilisimama pale na neno lile kama mtu aliyepewa zawadi asijue aiweke wapi.

Makame akachonga sponji mpya, tukaletewa maji matamu kwa madumu, na jioni gari iling'aa mpaka ikaumiza macho. Usimamizi akapewa Makame. Mimi nikapelekwa stoo, nigawe dawa na vitambaa, kwa kuwa, alisema Fundi Mkuu, stoo inataka mtu anayefikiri. Nilibaki huko mpaka nikastaafu, na bado sijui kama ile ilikuwa sifa.

Juzi nilikutana na Makame Darajani. Mvi tupu, mikono haitetemi. Yangu inatetema. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Tukanunua kahawa. Nikamuuliza jambo nililolibeba tangu ujana: kama drili ningepewa mimi, ningeiweza?

Alifikiri kidogo.

"Ungeiweza," alisema. "Ila ungesimama pahala pamoja ukiwaza, mpaka bampa liungue."

Akacheka, nami nikacheka naye. Alilipa yeye kahawa, akaniaga, akashika njia yake akisalimiwa huku na huku. Mimi nilibaki na kikombe mkononi, najiuliza kwa nini kabla ya kunijibu alifikiri kidogo tu.