Utumbo wa Kuku Umepanda Mezani

Enzi zetu, sisi watoto wa Nyakato hatukuhitaji saa ya ukutani. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotuamsha, ndicho kilichotuharakisha shule, na ndicho kilichotuambia kwamba Mama ameshawasha mkaa pale getini, anakaanga mihogo na kuchoma utumbo wa kuku. Wafanyakazi walitoka mbio, wakala wamesimama huku wanapuliza vidole, na king'ora kikilia tena wanarudi ndani mdomo umejaa.

Utumbo ule tuliuandaa mimi na mdogo wangu Koku. Ukitoka shule unavua sare, unakuta beseni linakusubiri. Unaugeuza ndani nje kwa kijiti chembamba, unausugua kwa chumvi na ndimu, unausuuza mpaka maji yatakate. Mama alikuwa ananusa tu, hasemi kitu. Akilisukuma beseni kurudi kwako, ujue unaanza upya. Nje wenzetu wanacheza rede na kombolela, kelele zao tunazisikia, sisi tumeinama mikono inanuka. Niliichukia kazi ile, siwafichi. Koku yeye alikuwa anaimba, na utumbo haukumkatikia hata mara moja.

Na msidhani tulikuwa tunajilia. Mama ni Mhaya wa Muleba, na kwake mtoto kula barabarani ilikuwa aibu ya ukoo mzima. "Mtu mwenye adabu anakula ameketi," alituambia, na papo hapo anawahudumia wanaume ishirini waliosimama. Basi tukawa wezi. Kipande cha moto unakificha shavuni, ukiitwa unaitikia puani. Vijana wa leo wanaletewa chakula na bodaboda mpaka mlangoni, na bado wanakipiga picha kwanza, utafikiri kinaombewa pasipoti. Sisi hata nafasi ya kutafuna hatukuwa nayo.

Kulikuwa na neno moja ambalo Mama alilirudia kila akipuliza moto: "Nakaanga mimi ili nyinyi msikaange." Kwangu lilitimia. Nafundisha shule ya msingi huko Kisesa, na mikono yangu inanukia chaki. Koku alifeli kidato cha nne, akaenda Doha kufagia hotelini. Aliporudi baada ya miaka sita akasema anafungua mgahawa Igoma, na Mama alifurahi sana, mpaka alipouliza utauza nini.

"Vyakula vya mitaani vya Ufilipino, Mama," Koku akajibu. "Utumbo wa kuku kwenye vijiti, madonge ya samaki, ndizi za kukaanga kwa sukari."

Mama alimgeukia. "Kwa hiyo umevuka bahari kwenda kutafuta utumbo."

Mgahawa ukafunguliwa, na miezi minane Mama hakukanyaga pale. Kwenye simu ni "Shikamoo, Mama", "Marahaba", basi, wamemaliza. Mgahawa ulikuwa unapata watu, lakini Koku alikuwa anakuja kwangu analia. Aliniambia kila mlango ukifunguliwa anageuka kuangalia kama ni Mama.

Jumapili moja ya mwezi uliopita, tulipotoka misa, nilimwambia Mama tupitie Igoma kumjulia hali mdogo wangu. Alijua ninachokifanya. Alikaza kitenge chake akanifuata, amenuna njia nzima.

Koku alipotuona aliacha wateja akaja mlangoni. Alituweka karibu na dirisha, akaleta sahani mwenyewe. Mama alianza na ndizi, maana Mhaya hawezi kuona ndizi akanyamaza. "Ndizi kupakwa sukari na kuchomwa kijiti! Hii ni dhambi ya kuungama." Lakini aliimaliza. Kisha akachukua kijiti cha utumbo, akakisogeza puani. Alinusa muda mrefu, nami nikajikuta nimeacha kupumua, utafikiri nina miaka tisa.

"Huu ameuosha nani?"

"Mimi, Mama."

"Na kugeuza hivi, ni Wafilipino walikufundisha?"

Koku alikumbatia sinia kifuani. "Ni wewe, Mama. Kule nilikuwa mfagiaji tu. Siku moja wapishi wa Kifilipino walikuwa wanajipikia chakula cha kwao, utumbo umewazidi, nikaweka ufagio chini nikawasaidia. Dada aliyekuwa mkubwa wao akaniuliza nimesomea chuo gani. Nikamwambia nimesomea kwa mama yangu. Wiki iliyofuata wakanihamishia jikoni. Wao walinifundisha mchuzi wa siki na pilipili tu, mengine yote niliondoka nayo nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza?"

Mama alichovya kijiti kwenye mchuzi, akala. Alitafuna polepole, akachukua cha pili, kisha cha tatu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama yangu akila chakula kile. Alikichoma miaka yote ile kwa ajili ya watu wengine, miguu imemvimba, na yeye mwenyewe hakupata hata dakika ya kuketi akaonja. Machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

Siwezi kusema mgahawa unashinda lile geti la kiwanda. Hakuna tena moshi wa mkaa kwenye sare za shule, wala ule utamu wa kipande cha wizi kinachokuunguza shavu. Watoto wangu wanakula wameketi, wanachagua, wanabakiza, na hawajui kunyamaza mbele ya sahani. Nyakato yetu ile naililia mpaka leo. Ila siku ile, nikimwangalia Mama amejiegemeza kitini, sikutamani kurudi nyuma hata kidogo.

Alipomaliza alijifuta mikono, akamwita Koku, kwa sauti ileile ya kuagiza mkaa.

"Jumapili ijayo jumuiya yetu ya kanisa ni zamu yangu kuikaribisha. Tuko akina mama kumi na wanne, wengi magoti mabovu, kwa hiyo hivyo viti virefu uviondoe."

"Sawa, Mama. Utawaambia wanakuja kula nini?"

"Nitawaambia wanakuja kula kwa mwanangu."