Nguo Zilizongoja Wenyewe

Watu wa mtaa ule walimwita Pasi, naye aliitika bila kinyongo, maana jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Alikuwa dobi. Miaka kumi na sita alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akinyoosha mashuka ambayo hakuna aliyeyatazama mara mbili. Hospitali ilipoleta mitambo mipya, aliomba ile mashine kuukuu ya mvuke iliyokuwa inatupwa, akaifunga kwenye mkokoteni na kwenda nayo kufungua duka lake mwenyewe.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele palikuwa na meza ya kupokelea nguo, na hapo alikaa mkewe, Mama Pacha, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mwandiko mzuri. Katikati ilisimama mashine, ikikoroma na kupumua kama mgonjwa wa pumu. Nyuma kabisa, chini ya dirisha la vibao vya mbao, palikuwa na reli ya chuma, na kwenye reli hiyo zilitundikwa nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Tangazo ukutani lilisema nguo isiyochukuliwa kwa miezi sita itagawiwa. Pasi ndiye aliyelibandika, na Pasi ndiye aliyelipuuza. Kila mwezi alizishusha, akazipiga brashi, akazirudisha. Palikuwa na makoti, sweta ya shule ya mtoto ambaye bila shaka sasa alikuwa na ndevu, joho jeusi la mahafali, na gauni moja la kijani la mikono mirefu.

"Akiba haiozi, sawa," Mama Pacha alikuwa akimwambia, "lakini nondo hawaujui msemo huo."

"Nguo ya mtu ni amana," Pasi alijibu, na hapo mazungumzo yalikuwa yakiishia.

Asubuhi moja aliingia mwanamke wa makamo, mwembamba, amebeba kitambaa cha mahameli ya kijivu kirefu kama pazia la ukumbi. Alitaka kitolewe mikunjo. Pasi akafungulia mvuke. Jua lilikuwa limefika dirishani, likapenya kati ya vibao na kuukata ule mvuke vipande vipande. Mteja akasahau kitambaa chake. Alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja.

"Baba, unaweza kufanya hivyo tena?"

"Kufanya nini?"

"Huo mvuke."

Akaeleza kazi yake. Alikuwa mpiga picha, ila si wa harusi wala wa vitambulisho. Alikuwa akipanga chumba, mwanga na mavazi, kisha anamketisha mtu mmoja na kungoja. Picha moja iliweza kumchukua wiki nzima.

"Kwa hiyo ni kama mchezo wa kuigiza?" Pasi aliuliza.

"Unakaribia. Ila mtu wangu hasemi neno, wala simwambii aigize nini. Nampangia kila kitu isipokuwa uso."

Mama Pacha alicheka. "Uso ndio huwa unaharibu picha zangu zote."

Mpiga picha aliomba kutumia duka kwa muda wa saa moja kila asubuhi kabla halijafunguliwa, kwa majuma mawili. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuja alipoiona reli. Alipita akisoma vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguo, taratibu, kama mtu anayesoma majina makaburini, kisha akaomba watu wake wavae nguo zile.

Pasi alikataa papo hapo. Siku ya pili akakataa kwa sauti ya chini zaidi. Siku ya tatu yule mwanamke hakuomba, aliuliza tu, "Unadhani wenyewe wako wapi?" Na kwa kuwa hilo ndilo swali alilojiuliza Pasi kila alipopiga brashi, akakubali, kwa masharti: nguo isitobolewe pini, isipunguzwe, na irudi kwenye hanga yake siku hiyo hiyo.

Watu walitoka mtaani hapo hapo. Fundi viatu alivaa koti la sufu la mtu mnene, akaonekana kama amejificha ndani ya nyumba ya jirani. Mlinzi wa benki, aliyeacha shule darasa la sita, alipewa joho. Alipanda kwenye stuli ndefu mbele ya ile mahameli akiwa anatania, lakini joho lilipotua mabegani, utani ukamwisha. Mvuke ukamzunguka. Aliketi wima, mikono magotini, akitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Picha ilipokwisha hakushuka. Mpiga picha akajifanya anafuta lenzi, akaifuta muda mrefu sana, mpaka mlinzi mwenyewe aliposema, "Haya, kazi inaningoja."

Pasi aliyaona yote hayo akiwa nyuma ya mashine, mguu kwenye kanyagio. Alianza kuelewa kwamba mpiga picha hakuwa akidanganya watu. Alikuwa akiwatengenezea mahali pa kukaa tu.

Likabaki gauni la kijani. Muuza mboga lilimbana, binti wa duka la dawa lilimpwaya.

"Mimi litanitosha," alisema Mama Pacha kutoka mezani.

"Unajuaje?" Pasi aliuliza.

"Nimeshalijaribu. Mwaka ule ulipolazwa na malaria. Wakati ule lilikataa kupita hapa." Akajipiga kiunoni. "Sasa nimekonda."

Alikwenda nyuma ya pazia akarudi amelivaa. Lilimkaa kama lililoshonwa kwa ajili yake. Akaketi kwenye stuli, mpiga picha akamgeuza bega kidogo kuelekea dirishani, akarudi kwenye kamera yake. Mvuke ukaanza kupanda.

"Usifikirie kitu," mpiga picha alisema. "Au fikiria unachotaka."

Mama Pacha aliugeuzia uso wake dirishani. Kisha akasema, bila kumtazama mumewe, "Baba Pacha, mwenye gauni hili alikuwa nani kwako?"

Mguu wa Pasi uliteleza kwenye kanyagio. "Unasemaje?"

"Nguo zote unazipiga brashi. Hili unalishika kama yai. Miaka tisa nalitazama. Nauliza tu."

Pasi alitazama mashine, akatazama sakafu, na mwishowe akaona kwamba hapakuwa na njia ya kupita ila hiyo hiyo iliyokuwa mbele yake.

"Hakuwa mtu kwangu. Alikuwa mteja. Mwalimu. Wakati ule niliandika kazi ya mtu na rangi ya nguo tu, ndiyo maana sikuwa na namna ya kumtafuta." Akalielekezea gauni kidole. "Niliunguza gauni lake. Kwenye pindo, ndani. Wewe ulikuwa umeenda kwenu kumuuguza mama. Nilikunja pindo juu kidogo, nikashona, alama ikafichika. Halafu nikaanza kuogopa siku atakayokuja. Kila mlango ukifunguka, moyo unanilipuka. Nikaomba asije. Niliomba kweli, kwa magoti. Na hakuja."

Akamalizia kwa sauti ndogo.

"Wiki zikapita, miezi ikapita. Nikaanza kujiuliza amepatwa na nini. Kama ile dua yangu ndiyo iliyomkuta huko aliko."

Hapo kamera ililia mara moja tu.

Mama Pacha alishuka kwenye stuli, akainua pindo la gauni, akaliona lile kovu la kahawia, dogo kama jani la mchai. Akalitazama, akamtazama mumewe, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika meza.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa namwonea wivu mwanamke kwa sababu ya pindo."

Mpiga picha alisogea polepole. "Nilibonyeza mlipokuwa mnaongea. Kama hamtaki, naifuta sasa hivi mbele yenu."

"Nionyeshe kwanza," alisema Mama Pacha. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kioo. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa na uso wa mtu aliyetua ndoo kichwani sasa hivi na bado hajanyoosha shingo. "Iache," akasema.

Maonyesho yalifanyika mwezi uliofuata katika ukumbi wa maktaba. Picha zilikuwa ndefu kama milango. Mlinzi wa benki alikuja na watoto wake wote wanne, akawasimamisha mbele ya joho bila kueleza chochote. Mbele ya gauni la kijani watu walikaa zaidi, wakinong'ona, mwanamke huyu anamwaza nani. Bibi mmoja mwenye miwani alimtambua Mama Pacha na kumuuliza.

"Nilikuwa nawaza chai," Mama Pacha alimjibu. "Nilitolewa nyumbani kabla sijainywa."

Siku chache baadaye, mchana, aliingia dukani mwanamke mnene mwenye mkoba wa vitabu. Alisimama mlangoni akitafuta maneno.

"Samahani. Nimeona picha kule maktaba. Lile gauni nadhani ni langu."

Pasi alilileta mwenyewe, akaliweka mezani. Hakungoja aulizwe. Aligeuza pindo, akaonyesha alama, akasema aliyoyafanya, yote, pamoja na ile dua.

Mwalimu alisikiliza, lakini macho yake hayakuwa kwenye pindo.

"Nilisahau kama nililileta hapa," alisema. "Nilihamishiwa shule nyingine kwa haraka. Nilipofungua masanduku sikuliona, nikamshika mdogo wangu kwamba kalichukua. Alikuwa na mazoea ya kuazima nguo zangu. Akaapa, sikumwamini. Tukatupiana maneno." Akapitisha kiganja juu ya kitambaa. "Mpaka leo tunasalimiana tu kwenye misiba."

Mama Pacha alimsogezea kiti. Mwalimu aliketi. Alilivuta gauni mapajani, akaipapasa ile alama.

"Hii alama ni kitu gani, baba yangu," mwalimu alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyeunguza."

Alipoondoka aliondoka na gauni. Alisema halimtoshi tena, ila mdogo wake bado ana mwili ule ule, na atampelekea mwenyewe mkononi, si kwa kutuma mtu. Kama mdogo wake angelipokea au angemfungia mlango, hilo hakulijua. Pasi alimfungia gauni kwenye karatasi safi na kumsindikiza mpaka barabarani.

Jioni walikuwa wakizima mashine. Pasi alisimama mbele ya reli, akasogeza nguo zilizobaki ili zisiache pengo.

"Kwa nini hukuniuliza siku zote hizo?" alisema.

Mama Pacha alikuwa akipanga vikaratasi vya kesho. "Ningeuliza, ungenijibu. Nilikuwa naogopa jibu."

Pasi alilifikiria hilo. Alikuwa amedhani ni yeye peke yake aliyekuwa akiogopa kitu ndani ya chumba kile. Akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, upande wa wateja, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Kuna jingine ambalo hujauliza?"

"Yapo mawili," alisema Mama Pacha. "Ngoja nifunge mlango kwanza."