Nyirinyiri ya Uzazi wa Hooyo

Juzi hapa Garissa mjukuu wangu alichota maharagwe kwenye pipa kwa mkono unaodondoka maji, nikampigia kelele mpaka akaangusha kikombe. "Ayeeyo, wallahi ni maharagwe tu!" akanicheka. Ayeeyo ni bibi. Hata mimi nilikuwa na wangu, mama yake baba, na ni yeye aliyenifanya nipige kelele.

Nilipokuwa mtoto tulikaa upande wa Balambala. Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa. Ngamia wetu nawakumbuka wote kwa majina: Dufan, Hiddo, Garweine, Suban. Suban alivunjika mguu, akachinjwa. Baba na kaka zangu wakahama na wale ngamia wengine, tukabaki mimi, ayeeyo, na hooyo, mama yangu, mwenye mimba ya mwisho mwisho.

Nyama ya Suban ayeeyo aliikata kamba kamba, akaianika, akaikatakata ndogo kama punje za mahindi, akaikaanga kwa mafuta ya nundu. Hakuitazama, aliisikiliza. Mafuta yakipiga kelele, bado kuna maji. Yakinyamaza, epua. Hiyo ndiyo nyirinyiri. Akaitia kwenye chombo cha mizizi iliyosukwa, mafuta juu, na hapo inakaa hata mwaka, ila maji kidogo tu yanaiozesha. Ilikuwa ya hooyo, ale siku arobaini akishajifungua, apate maziwa ya mtoto. Mbuzi walikuwa wamekauka. Sisi wawili tulikunywa uji mwepesi.

Mtoto alikuwa na siku sita. Nilirudi na maji mgongoni, nimelowa mpaka viwiko, njaa imenishika. Ayeeyo alikuwa amempakulia hooyo, chombo bado wazi, naye ameenda nje kuswali alasiri. Nikaingiza mkono wote. Tamu, jamani! Nilipoutoa nikaona matone ya maji yamekaa juu ya mafuta kama shanga.

Nikafunika. Kila alfajiri nilikuwa nanusa kifuniko. Siku ya nne harufu ikaja, kali kidogo, kama ngozi mbichi. Ndani mtoto analia. Nikajua nimemuua.

Nilimwambia ayeeyo. Hakunipiga. Alikwangua juu akatupa, iliyobaki akairudisha motoni. Mafuta yakapiga kelele! Tulichuchumaa hapo, mimi nasema moyoni nyamaza, nyamaza, ya Rabi nyamaza. Yakanyamaza.

Hooyo akauliza kutoka ndani, "Nani anakaanga? Nini imeharibika?"

"Mimi," ayeeyo akajibu. "Niliacha wazi nikaenda kuswali. Uzee, binti yangu."

Hooyo akasema: "Lete chombo hapa kwangu."

Kwetu anayeshika chombo ndiye anayegawa, na anayegawa ndiye mwenye nyumba. Ayeeyo alikishika tangu kabla baba hajazaliwa. Akakibeba, akakiweka karibu na kichwa cha hooyo, akatoka. Toka siku hiyo alikaa upande wa watoto pamoja nami, akingoja apakuliwe. Nikitaka kusema ukweli alinifinya paja.

Yule mtoto alipona, leo ni mzee wa Hulugho, ana wajukuu. Vyombo vile siku hizi hasuki mtu, na nyama tunanunua ya leo kwa leo. Hooyo alikaa sana duniani. Mpaka uzeeni alikuwa akiwaambia wageni kwamba mama mkwe wake alikuwa mwanamke mzuri sana, ila mwisho alikuwa msahaulifu. Na mimi nipo hapo hapo, namimina chai.